Kitabu cha picha cha bibi: kwenye simu kinapendeza, kwenye karatasi bibi amekuwa kijani. Nisaidieni

mama_wawili_sakina:

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa wote. Naombeni msaada maana nimekwama na siku zinakimbia. Bibi yetu mzaa mama anatimiza miaka 80 Desemba hii, na mnajua Desemba ndo ukoo mzima unapanda Moshi, wa Dar, wa Mwanza, wa Nairobi, wote wanakutana nyumbani Marangu, sasa mimi kwa kiherehere changu nikasema kwenye grupu la familia kwamba nitamtengenezea bibi kitabu cha picha. Sio ile albamu ya kuchomeka picha, hapana, zile kurasa zinazopangwa kwenye kompyuta au simu, picha imekaa juu ya bakgraundi nzuri, pembeni kuna maua, kuna kipande cha kitenge, kuna maandishi ya nani na wapi, wenyewe wanaita skrapbuku ya kidijitali. Watu wakapiga makofi, nikamiminiwa picha mia na kitu. Balaa likaanzia hapo.

Nimetengeneza kurasa nne kwa simu, usiku watoto wakishalala. Kwenye simu zilikuwa zinapendeza mpaka nikajisifu mwenyewe. Nikazipeleka kuprinti kwenye stationari moja huku mjini, A4 ya rangi, loh! Nyuso zimevurugika kama zimepigwa chini ya maji. Bibi amekuwa kijani, yaani kijani kabisa kama ndizi mbichi. Ukurasa niliouwekea jakaranda za barabarani ile zambarau imegeuka rangi ya soksi ya shule iliyofuliwa mara mia. Na kichwa cha baba mdogo kimetobolewa na ringi za kubania kitabu, tundu mbili kwenye paji la uso!

Sasa naomba kujua, kosa ni langu au ni la mashine yao, maana yule kijana nilivyomuuliza alinijibu kama nimemdai hela. Halafu nitumie nini, kuna laptopu ya mume wangu ila ni ya zamani na bando ni la kuungaunga. Kuna na picha nyeusi na nyeupe ziko kwa bibi kwenye kopo la biskuti, nizichukueje bila kuziharibu? Na hizi za asili, nina za maporomoko ya Materuni, za mlima, za migomba, za kahawa ikiwa imechanua, nazipenda sana, nikiziweka zinammeza bibi, nikizitoa ukurasa unakuwa mkavu kama kitambulisho.


fundi_pikseli:

Pole sana mama wawili. Umenichekesha na hizo tundu za baba mdogo lakini pole. Mashine haina kosa kubwa hapo, japo na hao vijana wa stationari nao wana yao. Una matatizo manne na kila moja lina dawa yake.

Nyuso kwanza. Hizo picha umetumiwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, nabeti. WhatsApp ikituma picha kawaida inaibana mpaka inabaki na pikseli, yaani vile vidoti vya rangi vinavyounda picha, kama 1600 upande mrefu, na A4 ukitaka itoke safi, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, inahitaji 2480 kwa 3508. Wewe umechukua picha ya 1600 ukaitandaza ukurasa mzima, ni kama kuongeza maji kwenye mtori ulioshaiva, sufuria linajaa lakini mtori haupo tena. Picha ya 1600 sio mbaya, ila iweke ndogo, sentimita 13 hivi upande mrefu, itatoka vizuri tu. Zile unazotaka ziwe kubwa waombe wenyewe wakutumie tena kama dokumenti, sio kama picha, hapo inakuja kama ilivyotoka kwenye kamera. Ile HD iliyoletwa 2023 inasaidia lakini nayo bado inabana kidogo. Na wakikutumia skrinishoti, rudisha, usipokee.

Bibi kuwa kijani, hiyo picha imepigwa kihambani, kweli si kweli? Jua likipita kwenye majani ya migomba linafika chini likiwa limeshakuwa kijani, linamwagikia uso. Ukiwa umesimama pale huoni kwa sababu macho yanazoea, hata kwenye skrini unaweza usione, karatasi ndo inasema ukweli. Fungua Snapseed, ile programu ya simu ya kurekebisha picha, nenda kwenye mizani ya weupe, kuna mistari miwili ya kuvuta, mmoja wa ubaridi na ujoto, mwingine wa kijani kwenda pinki. Vuta huo wa pili kuelekea pinki kidogo kidogo. Usiangalie uso wakati unavuta, tafuta kitu unachojua ni cheupe, kikombe, kola ya shati, ukuta wa chokaa, kikishakuwa cheupe basi na bibi amerudi rangi yake.

Jakaranda sasa, hapo hata mimi zimenishinda mara nyingi. Skrini inatengeneza rangi kwa taa, printa inatengeneza kwa wino, na ile zambarau ya kuelekea bluu ipo kwenye taa lakini kwenye wino haifikiki. Watu wakiona imefubaa wanazidisha rangi kwenye simu, wapi, inazidi kuharibika. Fanya kinyume, punguza mng'ao, iache iwe na giza giza kidogo, na uprinti kwenye karatasi ya picha badala ya karatasi ya kawaida, inabeba zaidi. Haitakuwa kama barabarani mwezi wa kumi lakini soksi haitakuwa tena.

Kichwa cha baba mdogo: upande wa kubania acha sentimita 2 zisizo na kitu cha maana, pande nyingine sentimita 1. Picha ya bakgraundi inayofika mpaka ukingoni ipitishe milimita 3 nje, ili wakikata isibaki mstari mweupe.

Kuhusu programu, weka GIMP kwenye hiyo laptopu, ni ya bure kabisa, unapakua mara moja tu na baada ya hapo hata bando likiisha kazi inaendelea. Laptopu ya zamani itakwenda taratibu lakini itakwenda.


dogo_kijenge:

Mkuu fundi unamtisha dada wa watu bure, GIMP mtu wa kuanza atalia, mi natumia Canva kwenye simu siku zote, templeti zipo kibao unachagua unabandika picha umemaliza, dakika kumi ukurasa


fundi_pikseli:

Canva sio mbaya dogo, sijasema mbaya. Akiitumia aanze na ukubwa wa A4 tangu mwanzo, asianze na mraba wa Instagramu afu aje auvute, na akimaliza ashushe PDF ya kuprinti, sio kupiga skrinishoti kama nyie mnavyofanya. Shida yangu na templeti ni moja, kitabu cha bibi wa Marangu kinakuja kufanana na kadi ya sendofu ya jirani, yale yale maua ya rangi ya maji. Na ile ya kutoa bakgraundi ya picha kwenye Canva ni ya kulipia.


dogo_kijenge:

Hahaha sendofu umenimaliza. Sawa mkuu


Mzee_wa_Rau:

Marahaba binti yangu, hongera kwa kumkumbuka bibi akiwa hai, wengi wanatengeneza hivi vitu wakati wa msiba, usiku, picha moja tu ipo na ni ya kitambulisho.

Mimi nilikuwa na studio ndogo hapa Moshi enzi za filamu, kwa hiyo nitajibu hilo la kopo la biskuti. Kwanza nenda wewe kwenye kopo, usiagize kopo lije Arusha kwenye kosta. Nawa mikono ikauke. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu, maji usiguse. Kama kuna picha zimenata kwenye zile albamu za kurasa za gundi, usizibandue, utabandua uso ubaki na karatasi, zipige hapohapo zilipo.

Kama una skana, picha ndogo skani kwa pikseli 600 kwa kila inchi. Ile saizi ya sentimita 9 kwa 13 inakupa kama pikseli 2100 kwa 3000, unaweza kuikuza mpaka karibu ujaze A4. Huna skana, tumia simu lakini kwa utaratibu. Meza iwe karibu na dirisha, jua lisiingie moja kwa moja, na huko Marangu asubuhi ya mawingu ndiyo taa bora kuliko taa yoyote niliyowahi kununua. Zima fleshi. Simu iwe sambamba na picha, washa ile mistari ya kwenye kamera ujue umenyooka. Usiisogeze karibu sana, kaa juu kidogo uzumu mara mbili, ukikaribia sana kingo zinapinda kama tumbo la mtungi. Picha ikiwa inang'aa, shika kitambaa cheusi nyuma ya simu, huo mng'ao ni simu yako na mikono yako vinajitazama. Ipo pia programu ya bure inaitwa PhotoScan ya Google, unapiga mara kadhaa inaunganisha na kuondoa mng'ao, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha na inafanya kazi.

Jambo ambalo vijana mnasahau, piga na mgongo wa picha. Huko nyuma kuna mhuri wa studio, kuna tarehe ya penseli, kuna jina limeandikwa na mtu ambaye hayupo. Mwandiko wenyewe nao ni picha, unaweza kuukata ukauweka kwenye ukurasa badala ya hizo herufi za kompyuta za mikunjo mikunjo ambazo mtu wa miaka 80 hawezi kuzisoma.


mama_wawili_sakina:

Jamani mbarikiwe, sikutegemea majibu marefu hivi. Mzee shikamoo tena. Ya mwandiko sikuwahi kuifikiria kabisa! Fundi ni kweli picha ni ya kihambani, tulikuwa tunakula chini ya migomba. Nimevuta ile kuelekea pinki, bibi amerudi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe muda wote mimi nikidhani amevaa cha kijani.

Swali dogo, kuna programu zinapaka rangi picha nyeusi na nyeupe zenyewe. Nizipake?


Mzee_wa_Rau:

Usipake. Inakisia tu. Mjukuu alipaka picha ya mama yangu, ikampa kanga ya bluu, mama akaitazama akasema huyu nani kavaa nguo yangu, ile kanga ilikuwa nyekundu na alinunuliwa na baba. Acha nyeusi na nyeupe yake, bakgraundi ndiyo uiwekee rangi.


binti_kibosho:

Dada mi naongezea la mlima kabla hujaaibika kama mimi. Mwaka juzi nilitengeneza ukurasa wa mama na baba, wamekaa upande wa kulia, nyuma nikaweka picha ya mlima niliyoipiga mwenyewe alfajiri kabla mawingu hayajafunga. Sasa Kibo, kile kilele kirefu cha Kilimanjaro, ikawa imejificha nyuma ya kichwa cha baba. Nikaona ah, rahisi, nikaigeuza picha ya mlima kulia kuja kushoto, ikakaa vizuri mno, theluji yote inaonekana. Nikaposti kwenye grupu la ukoo. Haikupita dakika mbili mjomba akaandika "mwanangu tumehamia Kenya lini?" Maana sisi tukiwa huku Moshi Kibo iko kushoto na kilele kingine, Mawenzi, kulia, ukigeuza picha Mawenzi inakuja kushoto, na hivyo ndo wanavyouona wenzetu wa Amboseli. Mita 5895 nimezihamisha kwa kidole kimoja na ukoo mzima umeona. Mpaka leo kikao cha familia kikianza mtu lazima aulize kama tunakutana upande wa Tanzania au wa Kenya.

Kwa hiyo usigeuze mlima. Na mtu aliyevaa kanga usimgeuze, maandishi ya kanga yanasomeka kinyumenyume.


dogo_kijenge:

Mjomba hana huruma 😂😂


mkia_wa_mbega:

Naingia kwenye la picha za asili maana ndo ugonjwa wangu, wikiendi nikikosekana nyumbani niko ziwa Duluti au nimeingia Hifadhi ya Arusha kuwavizia mbega.

Kosa la wengi ni kuweka picha ya mandhari nzima nyuma ya picha ya mtu. Maporomoko ya Materuni yote, na povu, na miti, na watalii wawili, juu yake unabandika bibi. Jicho linaenda wapi? Picha ya asili kwenye ukurasa iwe ama kitambaa cha meza ama ua mezani, isiwe mgeni mwingine. Kitambaa maana yake chukua sehemu moja tu ya karibu, ganda la mti, mishipa ya jani la mgomba, ukungu, jiwe lenye kuvu, ikuze ijaze ukurasa, ififishe mpaka ibaki kama harufu tu, afu picha ya mtu ikae juu. Anga la asubuhi juu ya mlima ni zuri sana kwa maandishi kwa sababu halina kitu. Ua maana yake kitu kimoja kilichokatwa vizuri. Tawi la kahawa lililochanua, lipige likiwa juu ya shuka jeupe kivulini, ukilikata kwenye kompyuta kazi ni nyepesi maana kingo zinaonekana, hifadhi kama faili la PNG sio la JPEG, JPEG haijui uwazi itakurudishia boksi jeupe.

Na ukiwa Marangu usiache jani la sale. Kila Mchagga atakayefungua ukurasa anajua maana yake, amani na msamaha, hata kama hakuna aliyeandika neno. Liweke pembeni mwa picha ya familia, inatosha. Kitenge vilevile, pasi kwanza, kitandike kivulini, piga kutoka juu ukiwa umesimama kwenye stuli.

Kivuli! Kila kitu ukikipa kivuli kidogo kinaonekana kama kimewekwa kweli juu ya karatasi, ila vivuli vyote vianguke upande mmoja. Nimeona kurasa ua lina kivuli kulia, picha ina kivuli kushoto, kama dunia ina majua mawili. Na usijaze. Ukurasa mmoja picha moja kubwa na mbili ndogo, basi. Wale watu wa pembeni, mabaiskeli, ndoo, waya za umeme, kata toa, ukurasa upumue.


fundi_pikseli:

Yote sawa ila la mwisho naongezea neno. Unapotoa kitu usikifute kwa raba. Kwenye GIMP kila picha inakaa kwenye leya yake, yaani tabaka lake, bonyeza kulia kwenye leya uiwekee maski, afu paka nyeusi pale unapotaka paondoke. Nyeusi inaficha, nyeupe inarudisha. Picha yenyewe chini haijaguswa, umeifunika tu kwa shuka. Raba ukishafuta na ukafunga faili, imekwenda hiyo. Na faili la kazi lihifadhi kama XCF mpaka siku ya mwisho, hilo ndo linatunza leya zote, JPEG au PDF unatoa nakala ya kupeleka kuprinti tu. Nakala nyingine weka kwenye fleshi, na nyingine Google Drive, zile GB 15 za bure zinatosha kurasa zako zote na chenji inabaki.


mama_wawili_sakina:

Nimeanza GIMP. Dogo alikuwa sahihi, siku ya kwanza nimelia kweli, nilikuwa napaka nyeusi kwenye picha badala ya kwenye maski, bibi akapata masharubu. Siku ya pili nikaelewa kwamba lazima ubonyeze kile kiboksi cha maski kwanza. Sasa hivi nina kurasa sita na nazipenda. Wiki ijayo nampeleka mama Marangu, naenda na laptopu nikamalizie picha za kopo.


binti_kibosho:

Usisahau waya wa chaji dada, na umeme nao ujue unavyokuwa ukianza kunyesha


mama_wawili_sakina:

Wadau nimerudi, hii ndefu mtanisamehe ila lazima niwahadithie.

Nilikaa kwa bibi siku mbili. Kopo tulilimaliza, picha 41, nyingine zimeliwa pembeni lakini nyuso zipo. Nilifanya kama alivyosema Mzee, meza dirishani, shuka jeusi nyuma ya simu, mwanangu mkubwa ndo akawa anashika. Kuna moja nikaipenda kuliko zote, bibi kijana, kiuno hiki, amesimama mbele ya chekeche za kahawa zimeanikwa, kitambaa kichwani, anacheka na mkono umeziba mdomo. Nyuma kwa penseli imeandikwa 1971. Ukingoni kulia kuna mwanaume ameegemea baiskeli, hata haonekani vizuri, ametikisika, nusu ya uso iko gizani. Nikakumbuka mkia wa mbega amesema toa mabaiskeli ukurasa upumue. Nikamficha. Bibi akabaki peke yake na kahawa yake, nyuma nikatandika picha ya maua ya kahawa imefifia, kona ya chini jani la sale la hapohapo kihambani, na ule mwaka kwa mwandiko wa penseli. Kusema ukweli ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote.

Jioni nikamwonyesha kwenye laptopu. Nikampanulia uso wake. Akaangalia wee, akasogea, akavaa miwani, akaangalia tena. Nikajua ameguswa. Akaniuliza, "Na wa baiskeli mmempeleka wapi?"

Nikamwambia bibi nilimtoa, alikuwa haonekani vizuri. Akaguna. Mama akacheka, kumbe mama anaijua. Babu wakati huo alikuwa Tanga kwenye mkonge, anaandika barua, na barua zinafikia Himo kwa rafiki yao, ndo huyo, anasukuma baiskeli na mlima wote ule mpaka juu. Na sio kuleta tu, anakaa anamsomea bibi, kwa sababu bibi wakati ule alikuwa hajui kusoma. Bibi anasema akisoma habari za kazi, za mvua, za hela, sauti inatoka sawasawa, akifika kwenye maneno ya mke na mume anakohoa, anaruka mstari. Kwa hiyo bibi akawa anahesabu makohozi. Barua yenye makohozi matatu anajua babu amemkumbuka sana. Siku ya ile picha barua ilikuwa ya makohozi matano, ndo maana ameziba mdomo. Alituhadithia mpaka taa ikakatika na akaendelea gizani, kakohoa yeye mwenyewe mara tano kutuonyesha, mama machozi yanamtoka kwa kucheka, mi nimekaa na laptopu mapajani chaji asilimia 20.

Fundi, nilitumia maski. Nilibonyeza kile kiboksi, nikachukua nyeupe, nikapaka taratibu ukingo wa kulia, baiskeli ikaanza kurudi, tairi, mkono, kofia, afu na yeye. Bibi alikuwa ananielekeza, "hapo bado mguu."

Sasa shida ni hii. Ule mwaka wa penseli nilikuwa nimeuweka kulia, sasa umekaa juu ya tairi la baiskeli. Na nataka kuandika yale makohozi, ni mistari kama minne. Upande wa kushoto kuna chekeche, chini kuna sale. Niweke wapi?


mkia_wa_mbega:

Dada nimekoma. Baiskeli sitazisema tena.

Hamisha sale upande wa kushoto chini, ile sehemu ya chini yote ifanye ukanda wa maua ya kahawa uliofifia zaidi, mistari minne itakaa humo. Mwaka wa penseli upeleke juu kushoto, juu ya chekeche, pale pana anga.


fundi_pikseli:

Na herufi zisipungue saizi 16, anaenda kusoma mwenyewe siku hizi au bado?


mama_wawili_sakina:

Anasoma, alienda elimu ya watu wazima miaka hiyohiyo ya sabini. Anasema alichoka kukoholewa.


Mzee_wa_Rau:

Basi weka 18. Na aliyepiga hiyo picha ni nani, bibi hakusema? Angalia mhuri nyuma.


mama_wawili_sakina:

Mhuri upo mzee ila umefutika, nimeupiga dirishani nimeona herufi mbili tatu tu. Nakutumia inboksi uangalie.